HESABU ZA NYUMBANI: Mahindi ya Kufikia Mavuno

Juma lililopita tulijifunza kujumlisha sehemu: nusu na robo, theluthi na sudusi. Leo twaendelea mbele hatua moja. Tutaona namna ya kuzidisha sehemu kwa namba nzima. Najua wapo watakaosema, “Hayo ni mambo ya watoto wa shule.” Mimi nami nilisema hivyo zamani, na neno hilo lilinigharimu mbuzi wawili. Sikilizeni kisa chenyewe, maana mwenye kosa ni mimi na wala simsingizii mtu.

Miaka michache iliyopita nilivuna magunia 12 ya mahindi. Kwetu huku Nyanda za Juu Kusini tunavuna mara moja tu kwa mwaka. Mwezi wa Julai kihenge kilikuwa kimejaa na moyo wangu umejaa. Ndipo likaja lori la mnunuzi. Jiko letu lilikuwa la nyasi na lilivuja, na mama watoto alikuwa akipikia ndani ya moshi na matone. Nikasema, “Magunia manne si kitu.” Nikauza manne, nikanunua mabati, nikaezeka nusu ya jiko. Watu wakanisifu.

Ilipofika Aprili, kihenge kikawa kitupu. Mahindi shambani yalikuwa bado hayajakomaa. Tukaanza kuchuma mabichi, na kila gunzi bichi lililochumwa lilikuwa gunzi lililopungua katika mavuno ya mbele. Mwishowe nikauza mbuzi wawili, nikanunua magunia mawili ya mahindi sokoni. Bei ya siku zile ilikuwa mara moja na nusu ya bei niliyouzia mimi mwezi wa Julai.

Sasa tazameni hesabu ambayo sikuifanya. Gunia moja la Aprili ni bei ya gunia 1 na 1/2 la Julai. Magunia mawili je? 1 na 1/2, mara 2, ni 3. Maana yake, katika magunia manne niliyouza, matatu yalikwenda kurudisha mawili. Nilibaki na faida ya gunia moja na jiko lenye bati upande mmoja. Wazee walisema kweli: mali bila daftari huisha bila habari.

Usiku wa kuhesabu

Mwaka uliofuata Mungu alitujalia tena magunia 12. Lori likaja tena, nami nikawaza tena magunia manne ili nimalizie nusu ya jiko iliyobaki. Nikamwambia mnunuzi arudi kesho yake. Jioni, baada ya chakula, nikawatangazia watu wa nyumbani shauri langu. Binti yangu, ambaye wakati ule alikuwa darasa la tano, akasema kwa adabu, “Baba, naomba tuhesabu kwanza.”

Nilitaka kumkemea. Lakini mama yangu mzazi, ambaye tunakaa naye, akanitangulia: “Mwanangu, mwache mtoto ahesabu. Mwaka jana hatukuhesabu, na mbuzi wangu wako wapi?” Nikanyamaza. Binti akaleta daftari na kalamu, akakaa karibu na taa.

Akamwuliza mama yake, “Mama, kwa siku moja mtu mzima anakula unga kiasi gani?” Mama watoto hakusita, kwa sababu ndiye mwenye kushika kopo kila siku. Akasema, “Mtu mzima mmoja, uji na ugali wa mchana na wa usiku, ni kama nusu kilo. Mtoto ni kama robo kilo.” Nyumbani tuko watu wazima watatu na watoto watano. Sisi tunakula dona, basi kilo ya mahindi hutupa karibu kilo ya unga. Wanaokoboa wajue kwamba pumba huondoka, na yawapasa kuongeza.

Binti akanipa kalamu. “Baba, hesabu ya watoto ifanye wewe.” Nikaandika: 1/4 × 5. Nikafikiri kidogo, nikazidisha juu mara tano na chini mara tano, nikapata 5/20. Nikaona nimefanya kazi njema.

Binti akatazama, akasema taratibu, “Baba, 5/20 ni robo ile ile. Ukikata mkate vipande ishirini ukachukua vitano, umechukua robo. Umewapa watoto watano chakula cha mtoto mmoja.”

Ndugu wasomaji, sikuwa na la kusema. Kila nilipotazama ile 5/20, niliwaona watoto watano wakilizunguka bakuli la mtoto mmoja.

Kanuni yenyewe

Kuzidisha ni kujumlisha kitu kile kile mara nyingi. 1/4 × 5 maana yake ni robo, na robo, na robo, na robo, na robo. Hizo ni robo tano, yaani 5/4. Robo nne hufanya kilo nzima, ikabaki robo moja. Basi jibu ni kilo 1 na 1/4.

Namba ya juu huitwa kiasi: hutuambia vipande ni vingapi. Namba ya chini huitwa asili: hutuambia kipande ni cha namna gani, robo au theluthi au thumuni. Watoto wakiongezeka, vipande huongezeka, lakini kipande hakibadiliki jina lake. Robo hubaki robo. Kwa hiyo kanuni ni hii: ZIDISHA KIASI KWA NAMBA NZIMA, ASILI IACHE KAMA ILIVYO.

Wazee wetu waliijua kanuni hii bila chaki. Zamani walipima nafaka kwa kibaba na pishi, na vibaba vinne vilifanya pishi moja. Kibaba basi ni robo ya pishi. Mtu aliyepimiwa vibaba saba hakusema “saba kwa ishirini na nane.” Alisema, “Pishi moja na vibaba vitatu.” Aliona vibaba kama vitu vya kuhesabiwa, akahesabu saba, kisha akaviweka vinne vinne. Hata methali yetu yasema haba na haba hujaza kibaba. Ukiziona robo na theluthi kama vibaba vya kuhesabu, hutakosea tena.

Mpaka lini?

Turudi kwenye daftari. Watu wazima watatu: 1/2 × 3 ni 3/2, yaani kilo 1 na 1/2. Watoto watano: kilo 1 na 1/4. Jumla kwa siku moja ni kilo 2 na 3/4.

Kwa mwezi wa siku 30 je? Hapo binti alitufundisha jambo jingine. Ukiwa na namba nzima na sehemu pamoja, zidisha kila moja peke yake, kisha ujumlishe. Kilo 2 mara 30 ni kilo 60. 3/4 mara 30 ni 90/4. Tisini gawanya kwa nne ni 22 na kubaki 2, yaani 22 na 2/4, ndiyo 22 na 1/2. Jumla: kilo 82 na 1/2 kila mwezi.

Tulikuwa tunaanza kihenge kipya Agosti mosi, nasi tulitaka kitufikishe mwisho wa Juni. Hiyo ni miezi 11. Kilo 82 mara 11 ni 902. 1/2 mara 11 ni 11/2, yaani 5 na 1/2. Jumla ni kilo 907 na 1/2. Gunia letu la madebe sita lina uzito wa kama kilo 100. Basi chakula chetu sisi wenyewe ni magunia tisa na zaidi kidogo.

Nikafurahi. “Kumbe! Kumi na mawili kutoa tisa, yabaki karibu matatu!” Mama yangu akacheka. “Na dumuzi hamjampa fungu lake?”

Alisema kweli. Mdudu huyu dumuzi asili yake ni Amerika ya Kati, na huku Afrika Mashariki aliingia kwa kupitia Tabora, ambako alitambuliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Hutoboa punje mpaka zikawa vumbi. Tukakadiria kwamba atatula sehemu moja ya kumi. 1/10 × 12 ni 12/10, yaani gunia 1 na 2/10, ndiyo gunia 1 na kilo 20. Katika kilo 1,200, toa 120, zabaki 1,080.

Mama watoto akaongeza, “Na wageni?” Tukawatengea kilo 2 na 1/2 kila mwezi. Miezi 11: kilo 2 mara 11 ni 22, na nusu mara 11 ni 5 na 1/2. Jumla kilo 27 na 1/2.

Sasa tutoe. Kilo 1,080 kutoa 907 na 1/2 zabaki 172 na 1/2. Toa za wageni, 27 na 1/2, zabaki kilo 145. Hiyo ndiyo iliyokuwa ziada yetu ya kweli. Magunia manne niliyoyawaza hayakuwapo. Lilikuwapo gunia moja, na jingine lisilofika nusu.

Binti akamaliza kwa kunionyesha upande wa pili. Kama ningeuza manne, yangebaki manane. Dumuzi angechukua 1/10 × 8, yaani kilo 80, zikabaki kilo 720. Miezi minane ya kwanza, Agosti mpaka Machi, ingekula 82 na 1/2 mara 8, ndizo kilo 660. Zingebaki kilo 60 tu za kuingilia Aprili, nazo kwa kilo 2 na 3/4 kwa siku hazifiki hata siku ishirini na mbili. Na hapo hatujamwekea mgeni hata mmoja sahani.

Nilitazama tarehe ile katika daftari, Aprili 21, nikakumbuka mwaka uliopita. Kihenge chetu kilikuwa kimekauka katika siku zizo hizo.

Kesho yake mnunuzi alipokuja nilimwuzia gunia moja. Alinung'unika, akaenda zake. Zile kilo 45 tukazitunza mpaka Februari, tukaziuza kwa bei nzuri zaidi. Mvua za mwaka ule zilitunyeshea tena jikoni upande ule wa nyasi. Mama watoto hakulalamika. Alisema, “Afadhali tone la mvua kuliko chungu kikavu.” Nusu ya pili ya jiko tuliiezeka mwaka uliofuata kwa fedha za maharage. Na kihenge kilitufikisha Juni 30, tena kwa siku kadhaa za ziada, maana tulikausha mahindi vema na mengine tukayaweka katika mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa. Dumuzi hakupata fungu lote tulilomwandikia.

Jihadharini na lumbesa

Neno moja kwa wauzaji. Wako wanunuzi wanaotaka gunia lishonewe kilemba juu, liingie debe la saba, na bei iwe ile ile ya madebe sita. Hiyo ndiyo lumbesa, na hapa Tanzania sheria ya vipimo inaikataza. Debe moja katika sita ni 1/6 ya gunia. Ukiuza magunia manne ya namna hiyo, umetoa bure 1/6 × 4, ndiyo 4/6, yaani theluthi mbili za gunia. Hayo ni madebe manne mazima. Hakuna baba ambaye angembebea mnunuzi madebe manne mpaka kwenye lori na kumwambia, “Chukua bure.” Lakini yakifichwa juu ya magunia moja moja, hatuyaoni. Uzaeni kwa mizani.

Kwa nini nazidisha, jibu linapungua?

Wengi huuliza hivi. Tumezoea kwamba kuzidisha ni kuongeza. Mbona basi 1/2 × 6 ni 3, nayo ni ndogo kuliko 6? Jibu ni rahisi. Alama hii × mbele ya sehemu waweza kuisoma “ya.” 1/2 × 6 ni nusu ya sita. 1/3 × 6 ni theluthi ya sita, yaani 2. Nusu sita zikikusanywa ni tatu, na nusu ya sita nayo ni tatu. Njia ni mbili, jibu ni moja.

Na hapa pana njia ya mkato. Kwaya ya kijiji wanashona sare, kila sare mita 2 na 3/4, na waimbaji ni 24. Mita 2 mara 24 ni 48. Kwa 3/4 mara 24, usihangaike na 72 juu ya 4. Gawanya kwanza: robo ya 24 ni 6. Robo tatu ni 6 mara 3, yaani 18. Jumla mita 66. Namba nzima ikigawanyika kwa asili bila kubaki kitu, anza kwa kugawanya. Fundi hatawadai kitambaa cha zaidi, nanyi hamtapungukiwa siku ya sikukuu.

Kwa akina mama wenye watoto wadogo

Mtoto akiharisha, jambo la kwanza ni kumrudishia maji mwilini. Zahanati hutoa pakiti za dawa ya kuchanganya na maji, nazo ndizo bora. Ikiwa haipo karibu, kiasi cha nyumbani ni hiki: lita moja ya maji safi yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vya chai 6 vya sukari na NUSU kijiko cha chai cha chumvi. Vijiko viwe vya kusawazishwa, visiwe vya kilima.

Ukitengeneza lita mbili, chumvi ni 1/2 × 2, yaani kijiko 1, na sukari 12. Ukitengeneza nusu lita tu, chumvi ni nusu ya nusu, yaani robo kijiko, na sukari 3. Msikisie. Chumvi ikizidi inaweza kumdhuru mtoto, na sukari ikizidi huongeza kuhara. Maji hayo yasipite siku moja. Yaliyobaki yamwagwe, yatengenezwe mengine. Na mtoto akilegea, au macho yakibonyea, au akishindwa kunywa, au kukiwa na damu katika choo, msingoje hesabu yoyote: mbioni zahanati.

Mazoezi ya juma hili

Wazazi, fanyeni pamoja na watoto, na msione haya wakiwashinda.

1. Ng'ombe hutoa lita 3 na 1/2 za maziwa kila siku. Kwa siku 7 hutoa lita ngapi?

2. Nyumba moja hutumia 2/3 ya mche wa sabuni kila juma. Kwa majuma 6 itahitaji miche mingapi?

3. Mkulima ameuza magunia 9 ya lumbesa, kila moja limezidi 1/6 ya gunia. Ametoa bure magunia mangapi?

Majibu, kwa wale waliokwisha kufanya: la kwanza ni lita 24 na 1/2, la pili ni miche 4, la tatu ni gunia 1 na 1/2. Huyo wa tatu mpelekeeni gazeti hili.

Kabla lori halijafika kijijini kwenu mwaka huu, fanyeni kama tulivyofanya sisi. Mwulizeni mama ni makopo mangapi kwa siku, mpeni mtoto kalamu, mwiteni bibi awakumbushe mliyoyasahau. Usiku mmoja watosha. Lile daftari letu bado tunalo. Ukurasa wa kwanza una 5/20 iliyokatwa kwa mstari mmoja, na chini yake, kwa mwandiko wa mtoto, 5/4. Sijaruhusu mtu kuuchana.

Juma lijalo: kugawanya sehemu, na namna ya kugawa shamba la urithi bila ugomvi. Kwaherini.